Kuhifadhi Video za Familia: Ubora Upi Uchaguliwe Baada ya Kuhariri?

Harusi, maulidi, kipaimara, mahafali na hata maziko siku hizi hurekodiwa kwa video, ama na mpiga video aliyelipwa ama na mwanafamilia mwenye simu janja. Baadaye video huhaririwa: vipande visivyohitajika hukatwa, majina huandikwa na muziki huongezwa. Mwishoni programu ya kuhariri huuliza video ihifadhiwe kwa ubora gani, na wengi hubonyeza chaguo la kwanza bila kulitazama. Jibu hilo ndilo huamua iwapo miaka 20 ijayo wajukuu watauona uso wa bibi yao au watauona ukungu wa vimraba.

Ubora hupungua, hauongezeki

Ili faili isiwe kubwa kupita kiasi, programu huibana video kwa kutupa maelezo madogo ambayo jicho haliyatambui upesi. Kilichotupwa hakirudi. Video iliyokwisha kubanwa ikihaririwa na kuhifadhiwa tena, hutupwa mengine juu ya yale ya kwanza, kama fotokopi iliyotolewa kutoka kwenye fotokopi. Kwa sababu hiyo, uhariri ufanywe daima kutoka kwenye faili asili za kamera au simu, wala si kutoka kwenye nakala iliyopokelewa kwa WhatsApp.

Ukubwa wa picha na idadi ya fremu

Kanuni iliyo salama ni kuhifadhi kwa vipimo vilevile vilivyotumika kurekodi. Video iliyorekodiwa kwa 1080p, yaani pikseli 1920 kwa 1080, ihifadhiwe kwa 1080p. Kuipandisha hadi 4K, yenye pikseli mara nne zaidi, hakuongezi hata unywele mmoja ambao kamera haikuuona. Huongeza uzito wa faili tu. Ndivyo ilivyo pia kwa kanda za zamani za VHS zinazohamishiwa kwenye kompyuta. Kinyume chake, video iliyorekodiwa kwa 4K isishushwe katika nakala ya kutunzwa, isipokuwa nafasi ya kuhifadhi ni finyu mno.

Idadi ya fremu kwa sekunde nayo isibadilishwe. Iliyorekodiwa kwa fremu 30 ihifadhiwe kwa 30, na ya 25 kwa 25. Mabadiliko ya kiholela huzifanya hatua za maharusi zionekane zikirukaruka.

Kiasi cha data: kipimo kinachosahaulika

Video mbili zinaweza kuwa zote za 1080p, moja ikawa safi na nyingine chafu. Tofauti hutokana na kiasi cha data kinachotengwa kwa kila sekunde, ambacho hupimwa kwa megabiti. Kwa video ya 1080p yenye fremu 30, megabiti 8 kwa sekunde ni kiwango kizuri kwa matumizi ya nyumbani. Kwa 720p megabiti 5 hutosha, na kwa 4K huhitajika kati ya 35 na 45.

Yaliyomo kwenye picha nayo yazingatiwe. Mzee aliyeketi akisimulia historia ya ukoo hahitaji data nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya picha haibadiliki. Ngoma, mvua au umati unaocheza hubadilika kila sekunde. Hapo ni vyema kupanda hadi megabiti 12 au zaidi.

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Baiti moja ni biti nane, hivyo megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 1 kwa sekunde, 60 kwa dakika, na takriban gigabaiti 3.6 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 16 hubeba karibu saa nne za video hiyo. Hata hivyo, flashi nyingi huandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo. Suluhisho ni kuigawa video sehemu mbili, au kuiandaa flashi upya kwa mfumo wa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, kwani kuiandaa upya hufuta kila kitu.

Aina ya faili na sauti

Faili ya MP4 iliyobanwa kwa H.264 huchezwa na takriban kila simu, kompyuta na televisheni yenye tundu la flashi. H.265 iliyokuja baadaye inaweza kutoa ubora unaokaribiana kwa karibu nusu ya ukubwa, lakini vifaa vingi vya zamani haviisomi. Familia inayotaka video ichezwe popote ichague H.264. Sauti ihifadhiwe kwa AAC, kilobiti 192 kwa sekunde. Akiba inayopatikana kwa kuibana zaidi ni ndogo, ilhali hasara yake husikika.

Nakala mama na nakala ya kutuma

Ni vyema kutengeneza nakala mbili. Ya kwanza ni nakala mama, yenye ubora kamili, isiyoguswa. Ya pili ni nyepesi, ya 720p, kwa ajili ya kutumia ndugu walio mbali. Video inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa tena. Ikitumwa kama dokumenti hufika jinsi ilivyo.

Faili asili zisifutwe kabla ya nakala mama kutazamwa mwanzo hadi mwisho, sauti ikisikilizwa pia. Nakala mama itunzwe kwenye vifaa viwili tofauti, kimoja kikiwa nje ya nyumba, kwa ndugu anayeaminika. Diski huharibika bila kutoa taarifa, na simu huibwa.

Mwananchi anayemlipa mpiga video akubaliane naye kabla ya shughuli kwamba atakabidhiwa nakala mama, na ataje vipimo anavyovitaka. Vikundi vya vijana vinavyofanya kazi hiyo vinaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa maelezo kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri.