Virusi Kama Mashahidi: Kutafuta Chimbuko la Saratani Iliyoenea Shingoni

Uvimbe wa shingoni ni jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kwa wepesi. Mara nyingi huletwa na mafindofindo, jino bovu au kifua kikuu. Hata hivyo, uvimbe usiouma na usiopungua kwa majuma kadhaa huweza kuwa saratani iliyozaliwa kwingine ikahamia katika tezi za limfu. Wahenga walisema kuwa maji hufuata mkondo. Seli za saratani nazo hufuata mkondo wa limfu kutoka kinywani, kooni au nyuma ya pua hadi shingoni.

Tatizo hutokea pale ambapo tezi ina saratani ilhali chimbuko halionekani, hata baada ya uchunguzi wa kamera na picha. Daktari huenda akalazimika kuelekeza mionzi kwenye eneo pana la koo, na mgonjwa akabaki amekaukiwa na mate na kutaabika kumeza chakula kwa miaka mingi.

Je, chimbuko hilo hutambuliwaje? Baadhi ya saratani husababishwa na virusi ambavyo chembe zake za urithi husalia ndani ya seli iliyoharibika. Seli hiyo inapozaana na kusafiri, vizazi vyake hubeba alama ile ile, mithili ya ng'ombe aliyepotea ambaye chapa yake humrudisha kwenye boma alikotoka.

Alama ya kwanza ni ya kirusi cha Epstein-Barr, kilichogunduliwa London mwaka wa 1964 katika uvimbe wa wagonjwa kutoka Uganda. Kikipatikana ndani ya seli za saratani shingoni, chimbuko linalotiliwa shaka kwanza ni sehemu ya koo iliyo nyuma ya pua. Alama ya pili ni ya kirusi cha papiloma, hasa aina ya 16. Hiki huelekeza kidole kwenye mafindo au shina la ulimi.

Ikumbukwe kwamba kirusi cha Epstein-Barr kimo miilini mwa watu wazima walio wengi, nao hawana saratani. Kwa hivyo, ushahidi hutafutwa katika seli zenyewe za uvimbe, wala si kwa kuangalia tu kama mtu amewahi kuambukizwa. Isitoshe, kukosekana kwa alama hizi hakumaanishi kuwa koo ni salama, kwani saratani zinazotokana na tumbaku na pombe aghalabu hazina virusi hivi.

Umuhimu wa alama hizi umetambuliwa rasmi. Toleo la nane la mwongozo wa Marekani wa kuainisha hatua za saratani, lililoanza kutumika mwaka wa 2018, huzitumia kumweka mgonjwa katika kundi linalomfaa hata kama chimbuko halijaonekana. Lakini shahidi hawezi kusema asipoitwa: sharti kipande cha uvimbe kifike maabarani mapema.