Gitaa Lililomlilia Mama Aliye Hai

Kuna ngoma ukizisikia tu unainuka kucheza, na kuna nyingine unazima taa na kukaa kimya. Maggot Brain ya kundi la Funkadelic la Marekani ni ya aina hiyo ya pili. Ni dakika 10 na ushee, hakuna anayeimba. Ukiondoa maneno machache ya mwanzo, gitaa ndilo linaloongea.

Nilikuwa nimeisikia mara nyingi bila kujua ilivyopatikana. Siku niliyojua, nilikuwa sijaongea na mama yangu mzazi kwa miezi 3. Ugomvi wenyewe? Alimkataa mchumba wangu, nami nikatoa maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Basi, kila mtu akanuna kivyake.

Sasa sikia hii. Mpiga gitaa Eddie Hazel alizaliwa Brooklyn mwaka 1950. Mama yake, akihofia dawa za kulevya na fujo za pale mjini, akahamia naye Plainfield, New Jersey. Huko ndiko alikokuwa George Clinton, kinyozi ambaye pia alikuwa na kundi lake la kuimba. Mwaka 1967 Clinton alipotaka kumchukua dogo akazunguke naye kwenye maonyesho, mama aligoma katakata. Mwanawe alikuwa na miaka 17 tu! Ikabidi wambembeleze weee, mpaka akalainika.

Miaka michache baadaye, wakiwa studio jijini Detroit, Clinton alimpa Eddie agizo moja zito: apige kama vile ameambiwa sasa hivi kwamba mama yake amefariki. Clinton mwenyewe amesimulia kwamba siku hiyo wote wawili walikuwa wametumia LSD. Yaani, dawa zile zile ambazo mama alihama mji kuzikimbia.

Kilichotoka ni kilio. Gitaa linaanza taratibu, kama mtu asiyeamini alichoambiwa. Linapanda, linapiga ukunga, halafu linachoka. Clinton alipokuja kuchanganya sauti, akazipunguza dramu na besi mpaka zikakaribia kupotea, akaongeza mwangwi. Nyuma likabaki gitaa la pili likidonoadonoa, kama jirani aliyekuja kukaa na mfiwa. Albamu yenye jina hilo hilo ikatoka mwaka 1971, na hadi leo wapenzi wa roki wanaitaja kati ya kazi bora kabisa za gitaa.

Eddie alifariki mwaka 1992, akiwa na miaka 42. Kwenye mazishi yake walipiga wimbo huo huo.

Lakini kilichonimaliza mimi ni kingine. Siku ile ya kurekodi, mama wa Eddie alikuwa hai! Kijana alimlilia mtu ambaye angeweza kumpigia simu akitoka studio. Na mimi je? Wangu alikuwa hai, na nilikuwa nimeshamzika kwa kununa.

Usiku ule nikainua simu.

“Shikamoo mama.”

Kimya. Kisha: “Marahaba. Umekula?”

Habari ya mchumba hatukuigusa. Kusema kweli, mpaka leo hajamkubali, na bado tunabishana. Ila tunabishana tukiwa tunaongea.

Wewe je, mara ya mwisho kumwamkia mama yako ilikuwa lini?