Mabingwa wa Pumzi: Copenhagen, Mbale, Jinja

1. ALIYEDUMU SANA
Paul Alexander wa Marekani aliugua polio mwaka 1952 akiwa na miaka 6, akalazwa ndani ya pafu la chuma, pipa linalomvutia mgonjwa pumzi kutoka nje. Alifariki Machi 2024 akiwa bado analitumia. Zaidi ya miaka 70! Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, yeye alikuwa tayari yumo.

2. MIKONO MINGI
Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, polio ileile. Kwa shauri la daktari Bjørn Ibsen, wagonjwa walitobolewa koo, ukaunganishwa mfuko wa mpira, na wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana kuuminya. Saa 165,000 kwa jumla, yaani karibu miaka 19 mfululizo.

3. MBIO
Mashine ya ECMO huitoa damu mwilini, huitia oksijeni na kuirudisha: kwa mtu mzima, lita 5 hivi kwa dakika. Jerikeni ya lita 20 ingejaa kwa dakika 4. Bomba gani la kwetu Buwenge, karibu na Jinja, litashindana nayo?

4. UCHACHE
Utafiti uliochapishwa 2020 ulihesabu vitanda vya ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) vilivyokuwa vikifanya kazi Uganda nzima: 55. Taksi nne za abiria 14, na kiti kimoja kinabaki wazi. Kombe hili tungefurahi kunyang'anywa.

5. KISHINDO
Utafiti wa FEAST ulipima watoto mahututi 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania. Wapakie kwenye mabasi ya watu 67: yatahitajika 47. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ilikuwamo. Madaktari waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri atiliwe dripu haraka haraka. Mwaka 2011 majibu yakatoka: kufikia saa 48, waliotiliwa hivyo walikufa zaidi ya 10 katika kila 100; wasiotiliwa, 7.3. Mafunzo ya miaka mingi yakapinduliwa na wodi za Afrika Mashariki!

6. MAFUTA YA BURE
Ukitoka Buwenge kwa taksi unashukia mji wa bingwa wangu. Hospitali ya Rufaa ya Jinja ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuwapa wagonjwa oksijeni kwa nguvu ya jua: paneli hujaza betri, betri huendesha mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, hata usiku, hata umeme ukikatika. Walianza na watoto 28. Kisha hospitali 20 za Uganda, watoto 2,409, matokeo katika jarida la Lancet 2024: kwa kila watoto 45 waliotibiwa hivyo, mmoja zaidi alipona. Mpinzani ajitokeze.