Soma Anwani Kuanzia Kulia

Kati ya mwaka 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas wa Lithuania alizitoza Google na Facebook zaidi ya dola milioni 100. Hakuhitaji kudukua kompyuta ya mtu. Alisajili kampuni nchini Latvia kwa jina la Quanta Computer, kiwanda cha Taiwan kilichokuwa kikifanya biashara na kampuni hizo, kisha barua pepe zikaanza kumiminika zikiwa na ankara, mikataba na mihuri ya kughushi. Jina lilifahamika, pesa zikalipwa. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimfunga miaka 5.

Mlango wa ulaghai kama huo uliachwa wazi tangu mwanzo. Utaratibu wa kutuma barua pepe ulitungwa mwaka 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa wa watafiti wachache, na haukumtaka mtumaji athibitishe kuwa ndiye. Jina la mtumaji ni kama jina mgongoni mwa bahasha: kila mtu hujiandikia alitakalo. Ukaguzi ulioongezwa baadaye husaidia, ila haumgusi tapeli aliyesajili anwani yake mwenyewe inayofanana na ya benki yako.

Basi liache jina, soma anwani, tena kuanzia kulia. Tuseme kiungo kimeandikwa paypal.com.hakiki-akaunti.net. Jicho likiona PayPal hutulia. Lakini mwenye tovuti hutajwa mwishoni, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://: hakiki-akaunti.net. Yaliyo kushoto kwake ni mapambo, na anaweza kujipamba apendavyo. Kwenye simu, kandamiza kiungo bila kuachia, anwani kamili itajitokeza. Chunguza na herufi zenyewe: r na n zikibanana hufanana na m. Alama ya kufuli nayo isikuhadae. Huonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na cheti chake hupatikana bure, hata kwa mwizi.

Kiswahili kibovu kilikuwa kikiwaumbua matapeli. Siku hizi akili mnemba huwaandikia barua safi kuliko za benki zenyewe. Haraka ndiyo bado inawasaliti: akaunti itafungwa leo, lipa kabla ya saa kumi. Ukikutana nayo, achana na kiungo, fungua programu ya benki mwenyewe. Mzabuni akidai amebadili akaunti, mpigie kwa namba uliyo nayo tangu zamani, si iliyomo kwenye barua hiyo. Na kama umeshaandika nywila yako kwenye tovuti ya tapeli, anza kubadili ile ya barua pepe, maana kupitia barua pepe anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine.