Nyasi si Majani: Ulishaji wa Simbilisi Mwenye Maradhi ya Kibofu katika Mazingira ya Cyanzarwe, Rubavu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kumlisha simbilisi mwenye mchanga au mawe katika kibofu cha mkojo kwa mimea inayopatikana katika sekta ya Cyanzarwe, wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda. Hoja yake kuu ni kwamba ushauri wa kupunguza kalsiamu hautamsaidia mfugaji anayezungumza Kiswahili mpaka vitenganishwe vitu viwili ambavyo neno majani huvijumuisha, yaani nyasi na majani ya mimea mingine.

1. Utangulizi

Simbilisi ni mnyama mdogo wa kufugwa ambaye asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Nchini Tanzania huitwa simbilisi, na baadhi ya watu humwita pimbi, ingawa jina hilo ni la mnyama mwingine anayeishi miambani. Katika Kivu Kusini, upande wa Kongo, huitwa dende, au kobayi kwa wale waliolipokea jina lake kutoka Kifaransa. Huko hufugwa zaidi na wanawake na watoto, mara nyingi jikoni. Hahitaji malisho mapana, mbolea yake hurudi shambani, na katika miaka ya vita kaya iliyoporwa ng'ombe na mbuzi iliweza kubaki na dende wachache.

Kwa kaya ya namna hiyo, jike mmoja akifa hupotea pamoja na uzao wake wote wa baadaye. Maradhi ya kibofu ni miongoni mwa yanayomuua simbilisi polepole: hukonda, hukunja mgongo, hulia anapokojoa, na mkojo wake huweza kuwa na damu. Maumivu humfanya aache kula, na simbilisi asiyekula kwa siku nzima tayari yumo hatarini.

2. Chanzo cha mawe

Katika wanyama wengi, utumbo hufyonza kalsiamu, yaani madini ya chokaa, kwa kadiri ya mahitaji ya mwili, na vitamini D ndiyo inayosimamia kazi hiyo. Simbilisi, kama sungura, hafuati utaratibu huo kikamilifu. Hufyonza sehemu kubwa ya kalsiamu anayoila, kisha figo hulazimika kuitoa ziada kwa njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo mkojo wa simbilisi mwenye afya huweza kuacha alama nyeupe kidogo sakafuni bila kuashiria ugonjwa.

Mkojo wake pia ni wa alkali, wenye kipimo cha pH cha takriban 8 hadi 9, na katika hali hiyo chumvi za kalsiamu hugandamana kwa urahisi. Mawe mengi yanayopatikana katika kibofu cha simbilisi ni ya kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo iliyomo katika ganda la yai na katika mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba za kale za pwani. Mawe ya aina hiyo hayayeyushwi na chakula. Lishe hupunguza uwezekano wa mawe mapya kutokea, lakini jiwe lililokwisha kuwa kubwa huhitaji kutolewa na daktari wa mifugo. Dume aliyezibwa njia ya mkojo, akawa anajikamua bila kutoa chochote, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Kalsiamu si sababu pekee. Uchache wa maji, maambukizo ya kibofu, unene na kukaa bila kutembea huchangia pia.

3. Tatizo la neno majani

Mfugaji akiambiwa "mpunguzie mboga, mpe majani zaidi", ana haki ya kuelewa kwamba jani lolote la kijani linafaa. Katika Kiswahili cha kila siku ng'ombe hula majani, mwembe una majani, na mchicha nao ni majani. Kwa simbilisi mgonjwa, tofauti kati ya vitu hivyo ni kubwa.

Kalsiamu hupanda katika mmea pamoja na maji kutoka mizizini, na hubaki pale maji yanapovukizwa. Ikishafika katika jani haihami kwa urahisi kwenda sehemu nyingine. Kwa hiyo jani pana lililokomaa huwa na kalsiamu nyingi, ilhali mzizi, tunda na majani ya ndani yaliyofunikwa huwa na kidogo. Nyasi, kwa upande wake, zina kuta za seli zinazohitaji kalsiamu kidogo kuliko za mimea ya majani mapana. Ndiyo maana nyasi zilizokaushwa huwa na kalsiamu ya takriban asilimia 0.3 hadi 0.6, ilhali lusene, ambayo ni ya jamii ya mikunde, huzidi asilimia 1.

Vipimo vya mboga vinavyotolewa kwa uzito mbichi huweza kupotosha, kwa kuwa sehemu kubwa ya mboga ni maji. Gramu 100 za mchicha mbichi zina takriban miligramu 215 za kalsiamu, na za kabichi takriban miligramu 40. Maji yakiondolewa, mchicha hufikia karibu asilimia 2.6 na kabichi asilimia 0.5. Kabichi basi inakaribiana na nyasi, ilhali mchicha unaizidi kabichi mara tano.

4. Mimea ya Cyanzarwe

Rubavu ni eneo la udongo wa volkano linalolima viazi mviringo, karoti, vitunguu na kabichi kwa wingi. Mfugaji wa Cyanzarwe hakosi kijani. Kazi yake ni kuchagua.

Msingi wa mlo uwe nyasi, wakati wote na bila kupimiwa. Mabingobingo, yanayoitwa urubingo kwa Kinyarwanda, hufaa yakiwa bado laini na yakikatwa vipande vifupi, pamoja na nyasi nyingine za kingo za mashamba. Nyasi husaga meno, ambayo kwa simbilisi hayaachi kukua, na huuendesha utumbo.

Juu ya nyasi iongezwe konzi moja ya mboga kwa siku. Simbilisi, kama binadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C. Mkubwa huhitaji angalau miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na mwenye mimba huhitaji zaidi. Gramu 25 za pilipili hoho mbichi humpa karibu miligramu 20 za vitamini hiyo pamoja na kalsiamu kidogo mno. Kabichi nayo inafaa, hasa majani ya ndani. Desturi ya kumtupia mnyama majani ya nje ya kabichi humpa yenye kalsiamu nyingi zaidi. Karoti hufuata kanuni hiyohiyo: kipande cha mzizi kinafaa kwa kiasi kidogo kwa sababu ya sukari yake, lakini majani yake, ambayo huwa mengi wakati wa mavuno, yasiwe chakula cha mgonjwa.

Vya kuepushwa kwa mgonjwa ni mchicha (dodo kwa Kinyarwanda, lengalenga kwa Waswahili wengi wa Kongo), ambao una pia oksalati, pamoja na lusene na majani ya kaliandra inayopandwa kwenye kingo za matuta kuzuia mmomonyoko. Majani ya viazi mviringo na maganda yake yaliyogeuka kijani yana sumu, hivyo hayamfai simbilisi yeyote, mgonjwa au mzima. Chakula cha kuku wa mayai nacho kisitumike kabisa. Huongezewa kalsiamu hadi karibu asilimia 4 kwa ajili ya ganda la yai, na huweza kuwa na dawa zinazomdhuru simbilisi. Jiwe la madini la kulamba liondolewe pia.

Pumba zina kalsiamu kidogo lakini fosforasi nyingi, na fosforasi ikizidi huvuruga uwiano wa madini mwilini. Zisitumike kama mbadala wa nyasi.

5. Maji na mipaka ya lishe hii

Maji mengi hufanya mkojo kuwa mwepesi na kuusafisha mchanga kabla haujagandamana. Imani kwamba simbilisi anayekula nyasi mbichi hahitaji maji si salama kwa mgonjwa, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Maji safi yawekwe kila siku katika chombo kizito kisichopinduka. Mboga zinaweza kuoshwa na kupewa zikiwa bado na matone.

Lishe hii ni ya mnyama mkubwa aliyegundulika kuwa na tatizo. Mtoto anayekua, na jike mwenye mimba au anayenyonyesha, huhitaji kalsiamu zaidi, na kuwanyima ni kuwaletea maradhi mengine. Lengo ni kupunguza ziada. Kalsiamu haiondolewi yote. Mabadiliko yafanywe taratibu kwa muda wa siku 7 hadi 10 ili utumbo uzoee.

6. Hitimisho

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda, na katika Rubavu hukutana kila siku na Kinyarwanda na Kiswahili cha Kongo. Afisa mifugo anayetumia lugha hii hana budi kutaja mmea kwa jina lake, na sehemu ya mmea inayotolewa: nyasi, jani, mzizi au tunda. Inapendekezwa kwamba istilahi za malisho zinazoandaliwa kwa matumizi ya kikanda zitenganishe nyasi na majani, na ziweke bega kwa bega majina ya Tanzania, Rwanda na Kongo. Mfugaji akiambiwa "mpe mabingobingo na kabichi ya ndani, usimpe dodo", anajua cha kukata jioni hiyo.