Mgeni Aliyejificha Ndani ya Jiwe

Maji ya bamvua yakipwa, miamba ya Pemba hujaa watu. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi, upana haufiki 25, kwa hiyo hata anayekaa Mgogoni, kaskazini, bahari si safari kwake. Wengine huchokoa pweza, wengine hugeuza mawe kutafuta kombe. Na chini ya jiwe mkono unaweza kukutana na mnyoo wa rangi ya waridi mwenye nywele nyeupe ubavuni. Akiguswa, vidole huwaka kama vimepakwa upupu.

Zile si nywele. Ni vijiba vya chokaa, na hukatika upesi kama kioo vikabaki ndani ya ngozi. Kusugua huzidi kuvizamisha. Afadhali kubandika selotepu mahali palipochomwa, kisha kuibandua ili iving'oe.

Wataalamu humwita Eurythoe complanata, nao wana historia ndefu na jamaa zake wa pwani yetu. Mwaka 1901 na 1902 Mwingereza Cyril Crossland alikusanya minyoo wa bahari Zanzibar, na kuanzia 1903 maelezo yake yakachapishwa London.

Leo minyoo wa jamii hii wanaishi pia sebuleni, mbali na bahari. Watu wa Ulaya na Marekani hufuga samaki wa miambani katika matangi ya kioo yenye maji ya chumvi, na ndani yake huweka mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe vyake. Mnyoo husafiri ndani ya tundu la jiwe. Usiku mmoja mwenye tangi anawasha taa, anaona kitu kinatambaa, moyo unampasuka.

Hofu hiyo mara nyingi haina sababu. Mnyoo huyu ni mfagizi: hula mabaki ya chakula na samaki waliokufa. Akizidi, chakula kinachomwagwa humo kimezidi. Dawa ya kwanza basi ni kupunguza chakula. Ya pili ni mtego: kichupa chenye matundu madogo na kipande cha samaki ndani, kinalazwa mchangani jioni na kutolewa alfajiri. Glavu ni lazima. Kumkata vipande ni kosa kubwa, maana kila kipande chaweza kuota kichwa na mkia kikawa mnyoo kamili. Kuwaua kwa sumu nako ni hatari: minyoo wakifa kwa pamoja mawe yanaoza ndani, maji yanachafuka, na samaki wanafuata.

Wapo wa kuondolewa kweli, wale wenye taya. Mwaka 2009, katika jumba la maonyesho ya samaki la Blue Reef mjini Newquay, Uingereza, matumbawe yalikuwa yakikatwakatwa na samaki kujeruhiwa, mhalifu haonekani. Mitego haikufaa. Wafanyakazi wakaondoa jiwe moja baada ya jingine, hadi wakamkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja, wakamwita Barry.

Mnyoo wa chini ya jiwe la Pemba hakuhamia kwa mtu. Yuko kwake, na kazi yake ya usafi anaifanya bila malipo. Anayegeuza jiwe kutafuta kombe alirudishe kama alivyolikuta, upande wa chini ukae chini, kwa sababu viumbe wanaoishi hapo jua huwaua.