Mkanda wa Injini Unapoacha Njia Yake

Gari limesimama kando ya barabara, boneti imefunguliwa, na mkanda wa injini umekutwa umechomoka tena katika puli zake. Desturi ya wengi ni kuulaumu mkanda. Hununuliwa mwingine, hufungwa, nao hutoka tena baada ya siku chache. Wahenga walituusia: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mkanda unaotoka mara kwa mara kwa kawaida si chanzo cha ubovu, bali ni dalili yake, na kwamba chanzo huweza kutafutwa kwa rula, chaki na akili iliyotulia.

Kazi ya mkanda

Tunazungumzia mkanda wa nje, ulio mbele ya injini, wala si ule wa taimingi uliofichwa ndani ya kifuniko chake. Mkanda huu hupokea mzunguko kutoka puli ya krankshafti na kuupeleka kwenye alteneta inayochaji betri na, katika magari mengi, kwenye pampu ya maji pia. Ukitoka, taa nyekundu ya betri huwaka. Iwapo ndio unaoendesha pampu, maji huacha kuzunguka na injini huchemka. Dereva akishikilia kuendelea na safari, silinda hedi huweza kupinda. Hivyo hasara ya mkanda mmoja hugeuka kuwa hasara ya injini.

Nguvu ya msuguano

Baharia afungaye chombo bandarini huizungusha kamba kwenye nguzo, kisha huzuia mzigo mkubwa kwa mkono mmoja. Kanuni ya jambo hili ilielezwa na mwanahisabati Leonhard Euler katika karne ya 18. Tuseme msuguano kati ya kamba na nguzo ni 0.3 ya kani inayovigandamiza. Kamba ikizunguka nusu mzunguko, mvuto wa upande mmoja huweza kuzidi wa upande wa pili mara 2.6 kabla ya kamba kuteleza. Ikizunguka mzunguko mmoja, mara 6.6; na miwili, mara 43.

Mkanda wa injini hauwezi kuzungushwa mara mbili kwenye puli. Kwa hiyo wahandisi waliupa umbo la V ili ukae katika mfereji kama kabari. Mbavu za mfereji zikifanya pembe ya digrii 40, kani inayozigandamiza huongezeka karibu mara tatu, na ule uwiano wa 2.6 katika nusu mzunguko hupanda na kupita 15. Magari mengi ya siku hizi hutumia mkanda mmoja mpana wenye mifereji midogo kadhaa, lakini kanuni ni ile ile.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili. Mkanda unaoteleza hupiga kelele na kung'aa mbavuni. Mara nyingi umelegea au umepata mafuta. Mkanda unaotoka una tatizo jingine: umepotezwa mwelekeo.

Kwa nini mkanda hutoka

Mkanda huufuata mwelekeo unaoingilia kwenye puli. Puli zikiwa katika mstari mmoja, huingia katikati ya mfereji. Puli moja ikisogea mbele au ikainama, mkanda huingia kwa mshazari na kuupanda ukingo. Injini inapokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika, krankshafti huzunguka mara 50 kila sekunde. Kosa dogo hurudiwa mara nyingi mno.

Kosa hilo ni dogo kiasi gani? Kwa mikanda ya V, kadiri inayokubaliwa kwa kawaida ni takriban nusu digrii. Puli zilizoachana sentimita 30 zisipishane zaidi ya milimita 2.5 hivi. Washa moja au mbili zilizorudishwa upande usio wake wakati wa kufunga alteneta zatosha kuleta balaa.

Wengine hukaza mkanda kupita kiasi ili usitoke. Dawa hii huzidisha ugonjwa, kwani mkazo mkubwa hula beringi za alteneta na za pampu, na puli yenye beringi iliyolika huinama zaidi.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, zima injini, ondoa ufunguo na uache ipoe. Uliza ni kitu gani kilichotengenezwa kabla tatizo halijaanza. Jibu laweza kukupeleka moja kwa moja kwenye puli yenye kosa.

Pili, utazame mkanda. Upande mmoja ukiwa umechanika nyuzi na wa pili ni mzima, puli haziko sawa. Hakikisha pia kwamba mkanda ni wa upana na urefu unaotakiwa, na kwamba hakuna kijiwe kilichonasa mferejini.

Tatu, weka rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli mbili mbili. Nyuso zikiwa na unene tofauti, pima kutoka kwenye mifereji yenyewe.

Nne, mkanda ukiwa umeondolewa, zungusha kila puli kwa mkono na kuitikisa. Inayokwaruza, kukwama au kuyumba ina beringi mbovu.

Tano, ichunguze puli ya krankshafti. Nyingi zina pete ya mpira kati ya kitovu na ukingo wa nje. Mpira ukiachia, ukingo huteleza na huweza kusogea nje. Rudisha mkanda, piga mstari wa chaki kutoka kitovuni hadi ukingoni, washa injini kwa muda mfupi, kisha zima. Mstari ukiwa umekatika sehemu mbili, mpira umeachia.

Sita, kikague kikaza mkanda, ambacho mafundi hukiita tenshena. Mkono wake ukipinda au springi yake ikichoka, mkanda hucheza na kuruka.

Mkanda mpya ufungwe baada ya hayo yote. Ule uliotoka usirudishwe kwa matumizi ya kudumu, maana nyuzi zake za ndani huenda zimekatika.

Darasani

Walimu wanaweza kuionyesha kanuni ya Euler kwa fimbo laini iliyolazwa, uzi, jiwe la kilo moja na mizani ya springi. Wanafunzi wazungushe uzi nusu mzunguko, kisha mmoja na nusu, na kuandika kani inayotosha kulizuia jiwe lisishuke. Halafu waitazame cherehani ya miguu, waulize ni nini kinachouweka mkanda wake katika njia. Atakayeweza kulijibu swali hilo ataweza pia kumweleza mwenye gari kwa nini mkanda wa tatu hautadumu kuliko wa kwanza.